Mito Miwili ya Masikio

Ijumaa moja, baada ya sala, mzee aliyekuwa safu ya nyuma yangu alinigusa bega, akanivuta pembeni penye viatu, na kwa sauti ya mtu anayemsitiri mwenzake akaninasihi kwamba rangi nyeusi ya nywele ina maneno mengi kwa wanazuoni, na kwamba ikiwa mvi zimenishinda kabisa basi heri nitumie hina. Nilimtazama nisimwelewe. Akanionyesha mabega ya kanzu yangu, ambayo mama watoto alikuwa ameipiga pasi asubuhi ile ile, nami nikaona vipande vyeusi vidogo mfano wa masizi vimetapakaa kote, na nilipojipapasa nyuma ya sikio vingine vikanibakia vidoleni. Haikuwa piko. Yalikuwa ni masalia ya hedifoni yangu.

Najua kamusi zinatutaka tuseme vipokea sauti vya masikioni, lakini mtu aliyetumia akiba ya miaka miwili kununua kitu ana haki ya kukiita kwa jina fupi. Hii ilikuwa hedifoni ya kusikilizia muziki kwa makini, si ile ya kupokelea simu ndani ya daladala: aina iliyofungwa nyuma, yenye spika za milimita 40 na waya unaochomolewa, nayo nilikuwa nimeshaichezea vya kutosha. Nilikuwa nimebadilisha waya, nimetandika pamba ndani ya vikombe vyake ili sauti isigonge ukuta na kurudi, na nimebandika utepe juu ya tundu moja la hewa, jambo lililobadilisha besi kwa kiasi ambacho ni mimi peke yangu niliyeweza kukisikia.

Mito yake ilikuwa ya ngozi ya bandia, yaani kitambaa kilichopakwa tabaka jembamba la poliyurethani, aina ya plastiki, na tabaka hilo lina adui wawili wakubwa, unyevu na joto, ambao hulivunjavunja polepole hadi likaanza kujimenya kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Ukiongeza jasho na mafuta ya kichwani, kazi huenda kwa kasi zaidi. Mimi naishi Ngamiani, Tanga, ambako unyevu ni sehemu ya familia, na kila asubuhi hupaka ndevu zangu mafuta ya nazi. Kwa hiyo simlaumu aliyeitengeneza. Mito ya hedifoni ni kama matairi ya baiskeli: huisha. Ndiyo maana hedifoni kama Sennheiser HD 600, iliyotoka mwaka 1997 na ambayo ingali inauzwa, huuziwa mito ya akiba peke yake, na mwenye nayo huibadilisha inapolegea bila kununua chombo kipya.

Mtu mwenye busara angeagiza mito mipya. Lakini kuagiza kulitaka fedha na wiki kadhaa za kungoja, na isitoshe nilikuwa nimesoma habari za Nathaniel Baldwin, yule Mmarekani wa Utah aliyeunda hedifoni zake jikoni kwake mwaka 1910 na kuziuza kwa jeshi la wanamaji la nchi yake. Nikajiambia kwamba ikiwa yeye aliunda chombo kizima jikoni, mimi mwalimu mzima wa fizikia sitashindwa na mito miwili.

Nikaenda kwa fundi anayeshona viti vya bodaboda.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, fundi. Nina kazi ndogo. Nataka unishonee mito miwili ya masikio."

Aliacha kupiga nyundo. "Ya kulalia?"

"Ya kusikilizia."

Alinyamaza kidogo, kisha akaichukua hedifoni, akaigeuza mara mbili, akaipima kwa futi kamba na kuandika vipimo juu ya ubao kwa kalamu ya seremala. Nilimpa somo refu, ambalo sasa najua lilimwingia kama mvua inavyoingia kwenye bati. Nilimweleza kwamba mto si pambo: ukiwa mnene zaidi, spika inakaa mbali zaidi na sikio na sauti inabadilika, ukivujisha hewa pembeni, besi inatoroka, na ndiyo maana hata mikono ya miwani inatosha kuiharibu. Nilimweleza habari za ugumu wa sponji. Nilieleza kila kitu isipokuwa jambo moja, ambalo niliona halihitaji kuelezwa. Akasema nimpe shilingi 8,000 na nirudi Jumatatu.

Jumatatu nilikabidhiwa mito. Ilikuwa mito kwelikweli. Ilikuwa ya ngozi nyekundu ya bandia, imezungushiwa ukanda mweusi ukingoni, imejazwa sponji ngumu ya kiti cha pikipiki unene wa sentimita 5, na katikati ya kila mmoja amekaza kifungo kikubwa, kama vile afanyavyo kwenye sofa za maharusi. Kazi ilikuwa safi, na mshono ulinyooka kuliko mistari ya daftari. Hapakuwa na tundu.

"Fundi," nikasema, "sikio litaingia wapi?"

"Mwalimu, ulisema mito."

"Naam, lakini yenye shimo katikati."

Akanitazama kwa huruma. "Mto wenye shimo si mto, mwalimu. Hilo ni tairi."

Sikuwa na jibu, kwa sababu kwa Kiswahili alikuwa sahihi. Naona aibu kukiri kilichofuata: nilirudi nyumbani na mito ile, nikaifunga kwenye hedifoni kwa mipira ya kufungia noti, nikavaa, nikaweka taarabu ya zamani, na kwa muda wa dakika kumi nikakaa nikitafuta sifa. Muziki ulisikika kama bendi iliyofungiwa ndani ya simtanki kwa jirani. Vifungo vya sofa vilinigandamiza katikati ya masikio. Hata hivyo nilimwambia mwanangu kwamba besi sasa imekomaa, na kwamba upole wa sauti za juu unapumzisha. Sisi wapenzi wa sauti safi tuna ugonjwa huo: kitu tulichokibadilisha kwa mikono yetu lazima kiwe kimeboreka. Kijana aliivaa, akaivua, akaniuliza kama imeharibika.

Nilirudi kwa fundi. Ngozi nyekundu ilikuwa imekwisha, na sponji iliyobaki ilikuwa ya manjano, bapa, unene wa sentimita moja na nusu. Alinikatia pete mbili zenye mashimo makubwa bila kunidai senti, huku akinihakikishia kwamba matairi yangu yako tayari. Zilikuwa sponji tupu bila ganda, na rangi yake ilionekana tangu ng'ambo ya barabara, lakini moyo wangu ulitulia nilipokumbuka kwamba Sennheiser HD 414 ya mwaka 1968, hedifoni iliyoleta mtindo wa kuacha nyuma wazi, ilisifika kwa sponji za manjano zilizokaa tupu juu ya masikio. Sikuwa mtu aliyekosa ngozi, bali mtu aliyerejea kwenye asili.

Tatizo lilikuwa namna ya kuzishikisha. Mto wa kiwandani una pindo jembamba linaloingia katika mfereji unaozunguka kikombe, nawe hulivuta kidogo kidogo hadi likae lote. Sponji yangu haikuwa na pindo. Fundi alinipa kikopo cha gundi ya viatu na maagizo yaliyokuwa mafupi kuliko somo langu: paka pande zote mbili, paka kidogo, ngoja ikauke hadi isishike kidole, ndipo ubandike. Jioni ile, baada ya magharibi, nilipaka pande zote mbili. Sikupaka kidogo. Wala sikungoja, kwa sababu kesho yake asubuhi nilikuwa mshenga katika posa ya mpwa wangu, siku nzima ingepotea, na masikio yangu hayakutaka kulala bila kujua. Mwalimu wa fizikia alisahau kwamba sponji hunyonya.

Na lazima nishuhudie kwa haki kwamba sauti ilikuwa nzuri. Besi ilipungua sana, kama inavyotarajiwa pale hewa inapopita popote inapotaka, lakini mwimbaji alisogea mbele, fidla zikawa na nafasi, na kanuni ikasikika uzi baada ya uzi. Nilifumba macho. Kwa muda wa dakika arobaini kila kitu kilikaa mahali pake pasipo kuyumba, na wakati huo wote gundi ilikuwa ikipita ndani ya sponji, taratibu, ikielekea upande wenye sharafa zangu.

Mama watoto aliniita chakula. Niliinua mikono kuivua hedifoni, na uso wangu ukaja nayo.

"Mwalimu, vua hicho kitu tule."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki? Wali unapoa."

Nilisimama, nikaenda jikoni waya ukiburuzika nyuma yangu kama mkia, nikageuka ili aone. Namsifu mke wangu kwa jambo moja: hakucheka mpaka alipoketi. Kijana alipendekeza petroli, nami nikamkumbusha kwamba jiko la mkaa lilikuwa linawaka hatua tatu kutoka nilipokuwa. Tukaanza na mafuta ya nazi, yale yale yaliyoanzisha mkasa, na baada ya nusu saa ya kusugua, upande wa kushoto ukaachia huku ukinichukulia ngozi kidogo tu. Upande wa kulia ulikataa. Gundi ile imetengenezwa kushika soli ya mtu anayetembea kutwa nzima, na haikuona sababu ya kuiachia sharafa ya mwalimu. Saa nne za usiku mama watoto alileta mkasi. Alikata kwa uangalifu mkubwa, akiniambia nisitikisike, na alipomaliza nilikuwa huru, nikiwa na sharafa moja kamili na nyingine ikiwa imeota kwenye hedifoni.

Nilinyoa pia ile ya kushoto ili zilingane, lakini kulia palikuwa na baka jekundu ambalo wembe haukuweza kulifanya lolote. Kesho yake nilikwenda kwenye posa nikakaa upande, nikizungumza na wazee wa binti kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti vibaya. Mambo yalikwenda vizuri. Maneno ya mshenga yanatoka mdomoni, si kwenye sharafa. Kisha mlango ukafunguliwa, akaingia baba mkubwa wa bibi harusi aliyekuwa amechelewa, akapewa nafasi iliyokuwa wazi, upande wangu wa kulia. Alikuwa ni yule mzee wa msikitini.

Alinitazama kwa muda mrefu. Aliona sharafa zilivyotoweka, akaona na baka, kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili na kuniambia, mbele ya wajumbe wote, kwamba amefurahi kuona nasaha yake imeniingia, ila haikuwa lazima kunyoa hadi kuchubuka, hina ingetosha.

Posa ilikubaliwa.

Niliagiza mito halali ya aina ya mahameli, kama wanayotumia Beyerdynamic wa Heilbronn, Ujerumani, katika hedifoni zao za DT 770 na DT 990. Mahameli hupitisha hewa, hupunguza besi kidogo, hunywa jasho na hivyo hutaka kufuliwa mara kwa mara, lakini haimwagi masizi mabegani mwa mtu. Ilipofika, niliingiza pindo lake kwenye mfereji kwa kona ya kadi ya benki iliyokwisha muda, na kazi nzima ilichukua dakika kumi na moja, tisa kati ya hizo zikiwa za kukwangua gundi na nywele zangu mwenyewe.

Mto mmoja mwekundu fundi aliuomba nimrudishie, akautundika mbele ya banda lake kama sampuli, na wiki iliyopita nimeona fundi cherehani wa jirani ameuchukua na kuuchoma sindano zake. Wa pili ninao mezani. Hedifoni hulala juu yake, kifungo kikiwa katikati, na mgeni yeyote anayeuona huuliza nimeununua wapi.