Kabla ya Kusaka Mizuka, Mwone Sheha

Vijana wawili wa mtaani kwetu, walioagiza kifaa cha kupimia nguvu za sumaku, waliniuliza waanzie wapi kusaka mizuka hapa Unguja, nami nikawashauri wakiache nyumbani. Kifaa hicho hushtuka kikipita karibu na waya, friji au simu iliyomo mfukoni, na katika nyumba za Mji Mkongwe, ambamo nyaya zimetandazwa ukutani kama mizizi ya mkoko, kitapiga kelele usiku kucha.

Kwa maoni yangu, anayeanza anahitaji daftari, saa, tochi na subira. Usiku wangu wa kwanza nilikaa, kwa idhini ya mlinzi, kwenye magofu ya Maruhubi, kasri la Sultani Barghash lililoungua mwaka 1899 na kubakisha safu za nguzo. Saa tano za usiku nikasikia mtoto mchanga akilia nyuma ya nguzo, na nywele zikanisimama. Niliandika saa, upande wa sauti na upepo, ingawa mwandiko huo hata mimi siusomi leo. Kisha kilio kikahamia juu ya mwembe, na nilipomulika nikakutana na macho mawili mekundu ya komba. Ningekimbia kilio kilipoanza, leo ningekuwa nasimulia habari za mtoto wa Maruhubi.

Wakubwa wetu wanaikumbuka hofu ya mwaka 1995 ya popobawa, zimwi lililosemekana kuwavamia watu usiku, iliyoanzia Pemba ikavuka hadi Unguja, watu wakakesha nje makundi kwa makundi. Baadhi ya watafiti wameihusisha na jinamizi, yaani hali ya mtu kuzinduka huku mwili haujitikisi na kifua kimelemewa. Naona maelezo hayo yana uzito kwa aliyekuwa kitandani, ila hayanitoshi kuhusu namna hofu ilivyovuka bahari, kwa hiyo msakaji aulize pia aliyesikia habari amezipata kwa nani.

Mizimu ni jambo jingine. Pango ambalo watu huweka ubani na vitambaa lina wenyewe, na kuingia na kamera bila ruhusa ni utovu wa adabu, hata kama huamini lolote.

Juzi vijana wale walikwenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, kuomba ruhusa. Amewakubalia, kwa sharti kwamba wafuatane na mzee mmoja wa mahali watakapokesha na kifaa chao kibaki kwake hadi alfajiri.