Kitufe Chekundu Kilikuwa Ukutani

Juzi usiku, hapa Rotterdam, nilisimamisha kazi ya watu zaidi ya ishirini na hakuna hata mmoja aliyenipandishia sauti. Ni siku mbili sasa na jambo hilo halinitoki, kwa hiyo acheni niliseme.

Tulikuwa tunajaza gesi asilia ya kimiminika kwenye meli ya makontena. Gesi hiyo ina baridi ya nyuzi 162 chini ya sifuri. Ikimwagikia chuma cha kawaida cha sitaha, chuma hupasuka. Ndiyo maana kati ya chombo kinachotoa na meli inayopokea kuna waya wa mawasiliano, na kanuni za ISO, shirika la kimataifa la viwango, zinadai kuwepo kwa mfumo wa kuzima dharura. Kihisio kikinusa gesi, tangi likikaribia kufurika, au meli ikivutwa kutoka mahali ilipofungwa, amri hupita kwenye waya na kufika pande zote mbili. Pampu huzimika, vali hufuata. Tena hazijifungi kwa pupa, maana ukiziba ghafla wakati mafuta yako mbioni, yanagonga bomba kama nyundo. Sekunde zimehesabiwa. Meli ikizidi kusogea, mpira wa kujazia gesi una kiungo maalumu kinachoachana chenyewe, kila upande ukajiziba papo hapo. Mara ya kwanza kuelezwa hayo nilihisi furaha ya mtoto aliyefunguliwa redio akaona yaliyomo.

Lakini usiku ule mashine haikuona kitu. Mimi ndiye niliyeona barafu ikijikusanya mahali ambapo sijawahi kuiona, nikabonyeza kitufe chekundu. Kila kitu kikanyamaza. Meli kubwa vile ikakaa dakika arobaini na tano. Walipokagua wakakuta ni unyevu tu, hakuna kinachovuja. Kiongozi wa zamu akaandika saa na sababu, akaniletea kahawa, kisha tukaanza upya, orodha ya ukaguzi ikisomwa mstari kwa mstari. Basi, yakaisha.

Kabla ya kuja huku nilikuwa kibarua kwenye depo moja ya mafuta kwetu, magharibi mwa Kenya. Siku moja lori linapakia petroli, nikasikia harufu kali kwenye kiungo, nikapaza sauti wafunge. Msimamizi akanijia juu: "Wewe ndiye utamlipa dereva muda wake?" Kesho yake jina langu halikuitwa getini. Kesho kutwa vilevile. Mwisho wa juma nikaacha kwenda.

Nawasikia mkianza. "Amekula jibini miaka sita, sasa sisi ni washamba." Hapana, ndugu zangu. Mimi ni mtoto wa Ziwa Victoria, na mikono ya manahodha wetu siifananishi na ya mtu yeyote niliyemwona huku. Nenda Dunga, nenda Usenge, vuka hadi Mfangano: mtu anamimina petroli kutoka mtungini gizani, boti inayumba, na tone halianguki. Gati la mafuta la Kisumu nalo lilipokamilika 2018 nilijivuna nalo mbele ya wenzangu wa Kiholanzi, na likakaa miaka bila meli ya kupakia nikiulizwa maswali nisiyo na majibu. Niliona aibu kwa sababu ni langu.

Mwingine atasema huko mna pesa. Kweli, kiungo kile cha kuachana chenyewe ni ghali, sitabisha. Ila hebu nikuulize: kwenye depo ile, unadhani kitufe hakikuwepo? Kilikuwa ukutani, chekundu, urefu wa bega langu. Pesa ya kukinunua ilipatikana. Kilichokosekana ni mtu kukigusa na kesho akaitwa getini. Hilo linagharimu shilingi ngapi?

Wala msinipeleke Sachangwan na Malanga, walikoungua watu wakichota mafuta ya malori yaliyopinduka. Pale kuna njaa na mtungi, ni mjadala mwingine, na marehemu siwasemi.

Nipelekeni Mbita, ufukweni, kwa mjomba wangu. Walikuwa wakijaza injini kabla ya kuingia ziwani kuvua omena, dagaa wetu, faneli ni chupa iliyokatwa, taa imeshawashwa. Kijana mdogo wa boti akasema, mzee, tuzime taa kwanza. Akaambiwa mtoto anyamaze, wenzetu wameshatoka. Mikono ya mjomba mpaka leo haikunjuki sawasawa. Kijana yule alikuwa kihisio chao, bila waya wala umeme, na alifanya kazi yake barabara. Ninapofikiria kwamba aliona, akasema, na bado wakaungua, nakasirika hadi machozi, na atakayeita hasira hiyo majivuno ya Ulaya hajawahi kumlisha mtu mzima kwa kijiko.

Jana nilimpigia mjomba nikamsimulia habari ya barafu na zile dakika arobaini na tano. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Wamekukata ngapi?" Nikamwambia, mjomba, hakuna walichokata. Akanyamaza kidogo. Halafu akauliza tena, safari hii kwa Dholuo, lugha yetu, polepole, akidhani sikuelewa swali.