Vivuli vya Rais: kejeli ni uhalifu au ni sauti?

Vijana waliosambaza picha za vivuli vya Rais William Ruto wa Kenya mwishoni mwa 2024 walilaumiwa sana kwa kukosa adabu. Tuviangalie basi vivuli vyenyewe. Ni umbo jeusi la mtu, halina sura wala neno. Anayelitazama ndiye anayemtambua mwenyewe. Serikali ina wasemaji, mabango ya barabarani na muda wa televisheni wa kujibu kila tuhuma, lakini hapa hakuna tuhuma ya kujibu.

Nguvu ya kejeli ya aina hii ilionekana katikati ya mwaka huo. Mswada wa Fedha uliolenga kukusanya takriban shilingi bilioni 346 ulielezwa kwa lugha ya wachumi, iliyomchosha msikilizaji kabla hajajua mkate wake utapanda bei au la. Vijana wakajibu kwa jina Zakayo, mtoza ushuru wa Injili ya Luka, na amri moja: shuka! Kila aliyewahi kukaa kanisani alielewa papo hapo. Kiongozi aliyezoea kuhutubia makanisani akawa anajibiwa kwa Maandiko. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia bungeni, na kesho yake Rais akakataa kutia saini. Kejeli peke yake haikuuangusha mswada. Watu walilipa kwa maisha yao. Ila iliwapa waliojitokeza lugha moja, Nairobi hata miji midogo.

Wanaopinga wana hoja. Baadhi ya picha, zilizotengenezwa kwa akili mnemba, zilimwonyesha Rais ndani ya jeneza, na kumtakia mtu kifo si ucheshi, awe rais au jirani. Isitoshe, silaha hii hukodishwa. Utafiti wa Mozilla wa 2021 ulionyesha Wakenya wakilipwa dola 10 hadi 15 kushiriki kampeni za kuwachafua majaji na wanaharakati waliosimama dhidi ya BBI, mpango wa kubadilisha Katiba. Hao nao walitumia hashitegi na picha za kuchekesha, wakijifanya umma uliokasirika.

Lakini tazama ni nani aliyelipia. Tarehe 26 Disemba 2024 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilisema imehesabu visa 82 vya watu kutekwa tangu Juni, na 29 kati yao walikuwa bado hawajulikani walipo. Ishirini na tisa, siku moja baada ya Krismasi. Miongoni mwa waliochukuliwa mwezi huo walikuwamo vijana waliojulikana kwa picha tu, akiwamo mchoraji wa vivuli hivyo na nduguye. Polisi walikana kuhusika. Mchoraji huyo na nduguye waliachiliwa Januari, bila maelezo ya kuridhisha hadi leo. Sijasikia kwamba waliolipwa kuwachafua majaji waliwahi kubebwa usiku. Na iwapo lengo lilikuwa kuzima vivuli, matokeo yalikuwa kinyume: watu ambao hawajawahi kuchora chochote walivisambaza wakidai wenzao warudishwe.

Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Kenya ilifuta kosa la jinai la kuchafua jina, ikiona kesi ya madai inatosha. Kilichotolewa mlangoni sasa kinarudi dirishani. Oktoba 2025 Rais alitia saini marekebisho ya sheria ya uhalifu wa kimtandao, ambayo kifungu chake cha unyanyasaji mtandaoni kina faini ya hadi shilingi milioni 20 au kifungo cha hadi miaka 10. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha sehemu za kifungu hicho. Zifutwe kabisa. Anayetishia kuua ana sheria yake tangu zamani, na anayelipwa kueneza uongo anaweza kufuatiliwa kupitia aliyemlipa. Kijana mwenye simu na mchoro hapaswi kuwekwa kundi moja na hao wawili.