Ukarimu wa njiani si begi lako la vipuri

Kila kiangazi ushauri uleule huwafikia wanaotaka kwenda Mwanza kutoka Dar es Salaam kwa baiskeli, peke yao: usijibebeshe, njiani kuna watu, Watanzania wakarimu. Unanikera, na unanikera zaidi kwa kuwa nusu yake ni kweli. Watu wapo na ni wakarimu. Ndiyo maana inauma kuona wema wao umegeuzwa kisingizio cha kutojiandaa.

Chukua maji. Ukitoka Dodoma ukapita Bahi na Kintinku, kisha ukapanda Saranda kwenda Manyoni mwezi wa Oktoba, ukiwa na mizigo unaweza kunywa lita 8 mpaka 10 kwa siku. Bisha hodi popote na chupa tupu za jumla ya lita 5, utajaziwa bila swali. Dumu la mwenyeji ni la lita 20, mara nyingi limetoka mbali kichwani kwa mtu. Umeondoka na robo yake. Tunapenda kusema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mwenyeji atapikia nini jioni? Jaza mjini, nunua madukani, na ukilazimika kuomba, uliza kwanza dumu linauzwaje hapo, ulipe. Kwa lita moja tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, maana maji matupu siku nzima ya jasho hayatoshi.

Halafu kuna fundi wa chini ya mwembe, ambaye watu humdharau au humtegemea kupita kiasi. Ni hodari. Ataziba pancha, atabadili gololi, atanyoosha ringi kwa jicho tu. Lakini vifaa vyake ni vya Phoenix na ndugu zake, si vya baiskeli yako ya gia. Ukimwomba tairi la inchi 28 atakupa la 28 kweli, lenye kipenyo cha milimita 635 pale linapokaa kwenye ringi. Ringi yako ya 700C, ambayo nayo wengine huiita 28, ni milimita 622. Milimita 13 hizo zinatosha tairi lichomoke. Soma namba ndogo ubavuni mwa tairi kabla ya kutoa hela. Hata tyubu inaweza kukugomea: valvu nene ya tyubu za kijijini haipiti kwenye tundu la ringi iliyotobolewa kwa valvu nyembamba. Kwa hiyo beba tyubu 2 na tairi 1 la kukunja. Ringi ya 26 ya baiskeli za milimani, milimita 559, hukupunguzia mashaka haya, na kwa safari hii mimi ningechagua hiyo.

Spoku ndiyo inayowaangusha wengi. Hukatika gurudumu la nyuma, upande wa gia, kwa sababu upande huo umekazwa zaidi na mzigo wa karia umelalia hapohapo. Mpya haiingii mpaka kaseti, yaani yale meno ya gia ya nyuma, itoke, na kaseti ina kifunguo chake. Fundi hana. Akijaribu kwa nyundo na patasi ataharibu, na kosa litakuwa lako. Beba kifunguo hicho, pamoja na spoku 4 za urefu wa upande huo. Ikikatika porini, legeza spoku mbili za jirani zinazovuta upande wa pili, robo mzunguko au nusu, ringi isikwaruze breki, kisha hamishia mzigo mbele.

Sawa, nakubali: karia ya chuma ikivunjika, mchomeleaji yeyote atakutoa. Ya aluminiamu wengi hawaiwezi.

Upepo wa kusi utakusukuma mgongoni ukielekea Mwanza, basi kurudi panda basi. Malori mawili yakipishana mbele yako, shuka pembeni mapema, usingoje honi.

Kuna wema mmoja ambao kipuri hakiuzibi, nao ni mahali pa kulala. Huo uombe, lakini uombe kwa adabu ya mahali. Fika saa kumi na moja jioni, jua lingalipo, uende kwa mtendaji au mwenyekiti wa kijiji, useme umetoka wapi na unaelekea wapi. Kujificha kwenye uwanja wa mtu kwa huruma yake pekee ni kumponza, kwani asubuhi ataulizwa yeye habari za mgeni asiyejulikana. Ukipewa uwanja wa shule, hema lishuke kabla wanafunzi hawajaanza kufagia, na ufunguo wa choo urudi kwa aliyekupa, mkononi mwake.