Birika Jekundu la Mau Summit

Kwa kuwa rafiki yangu niliyesafiri naye Jumamosi amekwisha kuisambaza habari hii ya chai na gari langu katika kundi la walimu, katika kundi la kanisa na, kama nilivyoarifiwa asubuhi ya leo na mama anayeniuzia sukuma wiki hapa Section 58, Nakuru, hata katika makundi ambayo mimi simo, nimeona heri niisimulie mwenyewe. Jina lake ninalihifadhi, ingawa yeye hakulihifadhi langu. Anadai kwamba tulikunywa chai mara saba. Huo ni uongo mtupu. Tulikunywa mara tatu, na mara ya tatu mimi sikumaliza kikombe.

Gari langu mnalijua, maana picha zake ziliwachosha mwezi mzima. Lilitoka Japani likiwa limetumika, likashushwa Mombasa, likafika Nakuru pamoja na kitabu chake cha maelekezo, kinene kama Biblia, chote kwa Kijapani. Nilikipekua jioni moja, nikakirudisha mahali pake nikijiambia kwamba mtu aliyefundisha ushairi kwa miaka kumi na mmoja, ambaye mshahara wake hutokana na kuwafafanulia vijana maana ya ishara, hawezi kushindwa na vipicha vya dashibodi. Na kweli, vingine nilivifumbua. Kipimajoto cha buluu kilichokuwa kikiwaka asubuhi za baridi na kuzimika baada ya dakika chache kilimaanisha kwamba injini haijapata joto. Alama ya mshangao iliyomo ndani ya duara ilizimika nilipoteremsha breki ya mkono. Ile alama nyingine ya mshangao, iliyomo ndani ya kitu kinachofanana na sufuria, niliiendesha nayo siku nne nikiamini kwamba inahusu joto la ndani ya gari, mpaka mtoto wa jirani aliponionyesha gurudumu la nyuma lililokuwa limeishiwa upepo na kulalia ukingo. Hapo ndipo ningalipaswa kuutilia shaka umahiri wangu.

Tulikuwa tunakwenda kumposea mdogo wangu, upande wa Kano, kabla hujafika Kisumu. Tuliondoka saa kumi na mbili alfajiri kwa sababu wenyeji walikuwa wametutaka tufike saa tano kamili. Mbele tulikaa mimi na rafiki yangu. Nyuma alikaa mjomba wangu, msemaji wetu, akiwa na suti, bakora na bahasha ambayo hakuiachia mkono hata mara moja.

Pale Mau Summit, nilipopunguza mwendo ili niiache barabara ya Eldoret na kuingia ile ya Kericho, taa ikawaka. Ninawaomba mlitazame umbo hilo kama nilivyolitazama mimi, bila chuki. Lilikuwa na mpini upande mmoja. Upande wa pili lilikuwa na mdomo mrefu uliopinda kidogo, na kwenye ncha ya mdomo huo palikuwa na tone moja linalodondoka. Niambieni, hicho ni kitu gani kama si birika? Aidha, nilikuwa nimewahi kusoma kwamba magari ya siku hizi humwonyesha dereva aliyechoka picha ya kikombe ili apumzike, jambo ambalo ni kweli kabisa, kwa hiyo sikuwa nimerukwa na akili. Niliunganisha hoja hizo mbili na heshima waliyo nayo Wajapani kwa chai, nikawatangazia abiria wangu, kwa sauti ileile ninayoitumia Kidato cha Nne, kwamba gari linatushauri tupumzike.

"Hilo ni gari lenye adabu," alisema mjomba.

Tulikunywa chai nusu saa. Tulipowasha injini tena, birika likazimika, na mtu yeyote ambaye amewahi kuthibitishiwa ujinga wake papo hapo atanielewa. Sasa ninajua kwamba oili chache iliyosalia ilikuwa imepata nafasi ya kutiririka hadi chini na kupoa, ikawa nzito kidogo, na pampu ikaipata kwa muda. Wakati ule nilijua jambo moja tu: gari limeridhika.

Likawaka tena tulipokaribia Kericho, kwanza kwenye kona, kisha kwenye kila kona. Nisomeeni ramani. Kushoto chai, kulia chai, mpaka macho yanapoishia ni chai. Birika lisipowaka Kericho litawaka wapi? Rafiki yangu, ambaye leo anasema kwamba alikuwa na wasiwasi tangu mwanzo, alikula mandazi mawili pale na kusema, huku akiwa amejaza mdomo, kwamba gari hili linajua lilipo. Likatulia, tukaondoka, likawaka Kapsoit. Mjomba aliuliza kwa upole kama haliwezi kukubali soda.

Baada ya Kapsoit barabara huteremka, na joto la bonde la Kano huanza kuingia kupitia madirishani. Birika sasa lilikuwa halipepesi. Lilikuwa limetukodolea jicho. Saa ilikuwa imekwisha kupita tano, na wakwe hawangoji. Nilisema kwa sauti, na hili rafiki yangu hakulitia chumvi, "Subiri, utakunywa ukweni." Kisha injini ikaanza kugonga, mwanzoni kama kijiko kwenye kikombe, baadaye kama nyundo kwenye bati. Niliongeza sauti ya redio. Tulipoipita Awasi kilomita chache, injini ikatoa mlio mmoja mrefu wa kusaga, ikanyamaza, nasi tukasogea kando ya barabara kwa nguvu ya mteremko uliotangulia.

Kijana fundi aliletwa na bodaboda. Alifungua boneti, akachomoa dipstiki, ile fimbo nyembamba ya kupimia oili, akaipangusa kwa kitambaa, akairudisha taratibu, akaichomoa tena na kuiinua ielekee jua. Ile ncha ina alama mbili, na oili hutakiwa kusimama katikati yake. Hapakuwa na oili katikati. Hapakuwa na oili chini yake. Palikuwa na weusi mwembamba kama wanja uliolala nao usiku kucha. Watoto waliotoka mashambani walikuwa wamekwisha kutuzunguka. Mjomba aliteremsha kioo.

"Mwalimu," fundi aliniuliza, "taa haikuwaka?"

"Iliwaka."

"Ya rangi gani?"

"Nyekundu."

Mwenye bodaboda alizima pikipiki yake ili asikie vizuri.

"Ukafanya nini?"

Ningaliweza kusema chochote. Ningaliweza kusema kwamba iliwaka sekunde ile ile. Lakini rafiki yangu alikuwa amesimama begani pangu, akipumua kama mtu anayejizuia kupiga chafya, na mjomba wangu, mzee asiyejua kusema uongo hata wa adabu, alitoa kichwa dirishani akanijibia:

"Tulikunywa chai."

Fundi hakucheka. Laiti angalicheka. Aliitazama ile dipstiki, akanitazama mimi, kisha akanieleza kwa huruma, kama daktari anayezungumza na jamaa za marehemu, kwamba kile ni kikopo cha oili, kwamba taa ile haipimi wingi wa oili bali msukumo wake ndani ya injini, na kwamba ikiwaka safarini mtu husimama, huzima injini na kupima papo hapo. Ya manjano, alisema, inaweza kukuvumilia mpaka ufike gereji. "Lakini nyekundu, mwalimu, hata barabarani unasimama."

"Nilisimama," nilijitetea. "Mara tatu."

"Ulisimama, ndiyo. Lakini uliyemnywesha siye aliyekuwa na kiu."

Hapo ndipo watoto walipoangua kicheko, na rafiki yangu akaenda kukaa chini nyuma ya gari. Ile kadi ya sevisi inayoning'inia karibu na usukani, iliyonitaka nirudi baada ya kilomita 5,000, fundi aliisoma kwa sauti, akalinganisha na kilomita zilizoandikwa kwenye dashibodi, akapata nimekwisha kwenda 9,400, akairudisha bila maoni. Injini ilikuwa imenoki, yaani imekwisha kufa, beringi zimeliwa.

Mengine ni mafupi. Trekta lililokuwa limetoka kupeleka miwa lilitufunga kamba, tukaingia ukweni saa nane tukivutwa, trela tupu likituongoza na watoto wa kijiji wakitusindikiza. Posa ilipokelewa. Injini nyingine iliyotumika itagharimu fedha ambazo sitaziandika hapa kwa sababu mke wangu naye hunisoma. Wakwe walipoleta chai, mjomba aliifunika birika kwa kofia yake na kusema kwamba sisi, kwa leo, tumetosheka.

Jumatatu niliingia Kidato cha Tatu nikakuta birika limechorwa ubaoni kwa chaki nyekundu, na tone lake. Nililifuta. Saa nne, chai ya walimu ilipoletwa, rafiki yangu alinisogezea kikombe mbele ya wenzetu wote, akasema, "Mwalimu, taa imewaka."