Wengine Waliumizwa na Upweke, Sisi Tuliumizwa na Matanga

Ukisoma yanayoandikwa kuhusu korona na akili za watu, hukosi kukutana na upweke. Japani iliteua waziri wa kushughulikia upweke Februari 2021, baada ya idadi ya waliojiua kupanda mwaka 2020 kwa mara ya kwanza katika miaka 11. Uingereza ilikuwa na waziri wa aina hiyo tangu 2018. Shirika la Afya Duniani nalo likasema wasiwasi na sonona viliongezeka kwa asilimia 25 duniani katika mwaka wa kwanza wa janga.

Sina ugomvi na takwimu hizo. Lakini nani alikuwa mpweke mtaani Nyalenda, kwenye chumba kimoja cha mabati, na watoto wote wako nyumbani kwa sababu shule zimefungwa? Tulisongamana hadi tukachokana. Hapa magharibi mwa Kenya, Kisumu, Siaya, Busia na Bungoma, kilichotuvuruga ni matanga.

Aprili 2020 mwanamume mmoja alizikwa Siaya usiku, mwili ukiwa ndani ya mfuko, na watu waliovaa mavazi meupe ya kujikinga. Nchi nzima iliona video ile, ikashtuka, ikasahau. Huku kwetu haikusahaulika. Mjaluo amekua akijua mzee akifa moto wa magenga unawashwa na watu wanakesha nje naye. Mbukusu anajua mzee wa heshima hazikwi yakaisha hivyo tu, lazima kuswaliwe kumuse, yaani mzee wa mila asimame mbele ya waombolezaji, familia isemeshwe na ukoo ukumbushwe ulikotoka. Yote hayo yalifutwa kwa tangazo la televisheni.

Juni 2021 ndiyo ilitumaliza. Majuma mawili baada ya sherehe za Madaraka kuletwa Kisumu (umati uliofurika barabarani siku zile sijui nani aliutozea faini), kaunti 13 za ukanda huu zikawekewa kafyu ya saa moja jioni, na maiti izikwe ndani ya saa 72. Jirani yangu, dereva wa matatu, alifiwa na mama yake Ugunja mwezi huo. Alipofika, udongo ulikuwa umesharudishwa. Alichobaki nacho ni video fupi aliyopigiwa na mpwa wake kutoka nyuma ya ua. Simu yake imejaa, haipokei hata picha, na video hiyo haifuti. Kuna siku hunisogezea kioo: "Hebu angalia, ndugu yangu, hilo ni jeneza nililolipia?" Huwa namwambia ndilo. Picha yenyewe inatikisika, huoni kitu.

Sasa mpeleke hospitalini. Atapewa ile fomu ya maswali tisa inayotumika karibu dunia nzima kupima sonona: katika wiki mbili zilizopita umelalaje, umekulaje, umechoka kiasi gani? Atajibu vizuri tu. Anakula, anaendesha gari, anacheka na makanga wake. Hakuna panapouliza kama alimzika mama yake. Kwa fomu hiyo, yeye ni mzima.

Kinachoniudhi ni kwamba hili lilikuwa limeshajulikana. Liberia iliamuru miili ichomwe wakati wa Ebola mwaka 2014, na watu wakaanza kuficha wagonjwa na maiti. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa mazishi salama yenye heshima. Machi 2020, kabla ya mazishi yale ya Siaya, likasema hakuna ushahidi wa mtu aliyeambukizwa korona na maiti, na kwamba haraka ya kuzika iepukwe. Najua maafisa nao walikuwa na hofu, wengine walikuwa vijana walioajiriwa juzi. Lakini waliowatuma usiku walikuwa na muda wa kusoma.

Mtu ataniambia hata Malkia Elizabeth alimzika mumewe Aprili 2021 na waombolezaji 30 tu, akakaa kitini peke yake. Ndiyo. Ila alikuwepo.

Basi tuwarudishie watu matanga yao, hata kwa kuchelewa. Zimbabwe imewafundisha akina nyanya kuketi kwenye benchi nje ya kliniki na kusikiliza wenye mawazo mazito, na mpango huo unasifiwa kote. Sisi wazee wa kusemesha wafiwa tunao tayari. Makanisa huandaa ibada za kumbukumbu kila mara kwa waliozikwa vizuri, kwa nini yasiwaandalie waliozikwa mbio mbio 2020 na 2021? Gharama isiwe kisingizio. Hakuna haja ya ng'ombe wala hema tatu. Chai, mikate, na kibali cha chifu cha kipaza sauti vinatosha.

Jirani yangu nimemshauri afanye Desemba, ndugu wa Nairobi wakiwa nyumbani. Amesema kwanza atazungumza na wajomba zake, maana ndio waliosimama kaburini siku ile, na wao pia hawajawahi kulisema.