Mzee Mertle, Benny na historia iliyoachwa nje ya uwanja

The Sandlot, filamu ya mwaka 1993, inapendwa na inastahili kupendwa: wavulana tisa wanaocheza besiboli, kiwanja cha vumbi, likizo ya kiangazi ya 1962 kule California. Mrushaji wao wa mpira ni mtoto mweusi, DeNunez. Nyota wao ni Benny Rodriguez, mvulana wa asili ya Amerika ya Kilatini. Wengi wakiona hivyo husema uwakilishi umetimia. Kwangu, hiyo ni nusu ya kazi. Wenye sura hizo wanadai pia historia yao.

Mtazame mzee Mertle, aliyeigizwa na James Earl Jones. Ni mtu mweusi aliyecheza besiboli enzi za Babe Ruth, nyota mzungu wa ligi kuu ya Marekani, na kufahamiana naye. Lakini Ruth alistaafu 1935, na ligi kuu iliwafungia weusi mlango hadi Aprili 15, 1947, mchezaji mweusi Jackie Robinson alipoichezea timu ya Brooklyn Dodgers. Filamu imenyamaza. Dawa ilikuwa karibu: msimu ukiisha, Ruth alizunguka mijini akicheza mechi za maonyesho, nyingine dhidi ya wachezaji weusi. Mzee angesema tu kwamba walikutana Oktoba, kwa kuwa miezi mingine ilikatazwa. Wale watoto wangeduwaa.

La Benny ndilo linaloniuma zaidi. Mwishoni anaichezea Los Angeles Dodgers. Uwanja wa timu hiyo ulifunguliwa Aprili 10, 1962, mwaka uleule wa hadithi, pale Chavez Ravine, jijini Los Angeles, palipokuwa na mitaa mitatu iliyokaliwa zaidi na familia zenye asili ya Meksiko: Palo Verde, La Loma na Bishop. Jiji lilianza kuwahamisha kwa ahadi ya nyumba za bei nafuu. Mradi ukafutwa, ardhi ikaishia kwa timu, na Mei 1959 waliobaki wakatolewa kwa nguvu. Katika familia kama ya Benny angeweza kuwapo babu anayezima redio kila Dodgers wanapotangazwa. Hapo mwandishi hahitaji hotuba. Meza ya chakula na redio vinatosha.

Na wasichana? Tusi zito kuliko yote kiwanjani ni kuambiwa unacheza kama msichana, na linapita kama kichekesho. Miaka kumi baada ya kiangazi hicho, mwaka 1972, Maria Pepe aliichezea timu ya Little League, ligi ya besiboli ya watoto, huko Hoboken, New Jersey, mechi tatu tu, kisha akaondolewa. Wasichana waliruhusiwa 1974, yeye akiwa ameshapita umri wa kucheza.